Fyuzi ya Kebirigo

Asubuhi hiyo ya Alhamisi, mwaka 1997, watu wote katika chumba cha mitambo ya simu mjini Kisii walikuwa wakiomba skrini mpya ibaki kijani. Wote isipokuwa Jethro, fundi aliyeiunganisha. Yeye alikuwa akiomba ipate doa jekundu, hata dogo tu, upande wa Kebirigo.

Kabla ya skrini hiyo, kazi ilikuwa vurugu tupu. Mtambo wa Kisii ulitoka kwa Wajapani, wa Nyamira kwa Waswidi, redio ya Kenyenya kwa Wafaransa, na ule mkongwe wa Kebirigo kwa Waingereza. Kila mmoja ulilia kwa lugha yake. Mmoja ulitema namba kwenye karatasi, mwingine uliwasha taa, na taa nyekundu ya Nyamira ilimaanisha hatari huku ya Kenyenya ikimaanisha mambo ni shwari. Wa Kebirigo ulipiga kengele tu, bila kusema unaumwa wapi, ikabidi fundi apande Landrova akamwone mgonjwa.

Fundi huyo alikuwa Jethro, na safari hizo alizipenda kupita kiasi. Sababu ilikuwa Bosibori, mtunza kituo cha Kebirigo, aliyekuwa na ufunguo pekee wa chumba cha mtambo. Kila Jethro alipofika, chai ilikuwa imeshaiva. Kijana huyu aliweza kuelewana na mitambo ya mataifa manne, lakini mbele ya Bosibori ulimi wake ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Miezi saba mizima alikuwa amemzungumzia habari za fyuzi tu.

Na tuseme ukweli, moja ya fyuzi hizo alikuwa akiilegeza mwenyewe kila alipoondoka. Ilikuwa ya laini ya majaribio, isiyo na mteja hata mmoja, kwa hiyo hakuna aliyekosa simu. Ikitoka, kengele inalia Kisii, naye anarudi. Ajabu ni kwamba haikuwahi kutoka siku nyingine ila Alhamisi, siku ambayo Landrova haikuwa na safari nyingine. Jethro, Msabato mwema, alimshukuru Mungu na hakuuliza zaidi.

Wiki moja kabla ya asubuhi hiyo, mchezo ulifika mwisho. Alipeleka Kebirigo kisanduku cha kutafsiri vilio vya mtambo mkongwe, ili navyo vifike Kisii kwa lugha moja na vya wenzake: mahali, saa, sababu. Akaikaza ile fyuzi barabara, maana sasa skrini ingemuumbua.

Bosibori alisimama nyuma yake na vikombe viwili.

"Kwa hivyo hicho kitawaambia kila kitu, fundi?"

"Kila kitu. Joto likizidi, waya ikikatika, mlango ukifunguliwa. Hata mtu akiguza kitu, itaandikwa ameguza."

"Na ni nani atakuwa akisoma?"

"Mimi. Alhamisi ijayo saa tatu ndio tunaanza. Wakubwa wote watakuwa hapo."

"Basi hutakuwa na haja ya kuja huku tena."

Hapo ndipo mwanamume angesema kitu. Jethro alisema kisanduku kina dhamana ya miaka mitano. Bosibori alimtazama kidogo, kisha akakusanya vikombe, na cha Jethro kilikuwa hakijafika nusu. Njia yote ya kurudi Kisii alijitukana kwa sauti.

Sasa ilikuwa saa tatu kasoro dakika moja. Bwana Onyancha, mkuu wa kituo, alikuwa ameivaa suti yake ya harusi, na vifungo vilikuwa vinalalamika. Kando yake alikaa Bi Laila, mhandisi kutoka Nairobi, kalamu mkononi. Akiridhika, Landrova ingehamishwa jioni hiyo hiyo, kwa kuwa fundi hakuhitaji tena kuzunguka milimani kutafuta ugonjwa.

"Mitambo minne, watengenezaji wanne, lugha moja," Onyancha alisema. "Madam, hapa hata sisimizi akipita tunamwona."

Skrini ilikuwa kijani kama shamba la chai. Bi Laila akaanza kuandika. Jethro aliutazama mraba wa Kebirigo ukimeta kwa afya njema, akahuzunika kweli. Alikuwa ameifanya kazi yake vizuri mno, na sasa hakubaki na kisingizio wala gari.

Mara ule mraba ukawa mwekundu.

Kalamu ya Bi Laila ilisimama. Jethro alikodoa macho. Fyuzi zote alikuwa amezikaza kwa mikono yake mwenyewe.

Bi Laila aliinama karibu na skrini, akasoma polepole. "Kebirigo, saa tatu kamili. Mlango umefunguliwa kwa ufunguo. Fyuzi ya laini ya majaribio imechomolewa kwa mkono." Mistari mipya ikatokea chini yake. "Imerudishwa. Imechomolewa tena. Imerudishwa."

"Kikulacho ki nguoni mwako!" Onyancha alifoka, jasho likimtiririka hadi kwenye tai. "Ni mjinga gani huyo anachezea mtambo na hajui tunamwona?"

"Anajua," alisema Jethro, na tayari alikuwa mlangoni na funguo za Landrova.