Bokilo Mezani

Larissa aliisukuma glasi kwa kiwiko, makusudi, na maji yote yakaingia ndani ya sahani ya Franck.

"Oh, pardon!" alisema, akijishika mdomo.

Franck akacheka. "Si kitu, bébé. Watatuletea ingine."

Timothée, mhudumu mwenye tai nyeusi, akaiondoa sahani ile haraka. Katika mkahawa huu wa Kiitaliano, mgeni hakuachwa bila chakula mbele yake. Larissa akapumua. Alikuwa ameokoa dakika chache tu.

Upande wa pili wa kitambaa cheupe, mama yake, Agathe, aliketi wima kama yuko kanisani. Mikono ilikuwa chini ya meza, uso ameugeuzia dirisha lililotazama mtoni. Sahani yake ilifuka mvuke: tambi nyembamba, kipande kinene cha samaki kapitene juu yake, jibini iliyoyeyuka. Hakuwa ameigusa.

"Mama hakuli," Franck alinong'ona. "Hapendi?"

"Anapenda. Muache tu."

Angemwambia nini tena? Kwao Yanonge, mwanamume hali mbele ya mama wa mchumba wake, wala mama yule hali mbele yake. Bokilo, yaani mkwe, anaweza kumnunulia mama chakula, kumvutia kiti, hata kumnawisha mikono. Kisha anaomba ruhusa na kutoka nje, mama ale kwa amani. Kumfungulia kinywa mama mkwe ni kumvulia nguo.

Franck hakuyajua hayo. Alikuwa yatima, alilelewa na masista huko Bukavu, kwenye meza moja ndefu ambapo wote walikula pamoja. Larissa alipanga kumfundisha kabla ya kumpeleka nyumbani. Lakini Franck alitaka kumshangaza. Mchana huu alimfuata mama sokoni, akampandisha taksi, akamleta hapa, kisha ndipo akamwita Larissa. Larissa alipofika, walikuwa wamekwisha kuagiza.

Kumwambia sasa, mama akisikia, ilikuwa bure. Heshima inayofundishwa hapo hapo mezani, mama yake aliiona kuwa tusi la pili. Bwana wa Émilie, dada yake Larissa, aliwahi kutafuna kipande cha kwanga, mkate wa muhogo, mbele ya mama, siku ya matanga. Mama hakupiga kelele. Alikunja kitenge chake, akaondoka, na yule bwana hakukanyaga tena ua wao. Leo Émilie analea watoto peke yake.

Na gauni la Larissa lilikuwa limeanza kumbana tumboni. Franck tu ndiye aliyejua.

"Franck, twende nje kidogo. Kuna joto."

"Nje ndiko kuko joto! Humu iko klima, iko baridi."

Larissa akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Aïe! Unanikanyagia nini?" Franck aliuliza kwa sauti.

Mama Agathe akageuka. "Bokilo, iko nini?"

"Hakuna, Mama. Binti yako anataka kucheza mpira."

Mama akatabasamu, kidogo sana. Moyo wa Larissa ulimuuma kuliona tabasamu lile. Mama alikuwa amempenda. Alimwita bokilo kabla hata barua ya posa haijafika. Alikuwa anangoja neno moja tu: Mama, karibu, mimi naenda kusimama kule.

Timothée akarudi na sahani mpya.

"Irudishe," Larissa alimwambia. "Imepoa."

"Imepoa, madame? Imetoka jikoni sasa hivi!"

"Larissa, inatosha basi," Franck alisema, na safari hii hakucheka. Akainamisha kichwa, akasali, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akamtazama mama kwa huruma. Larissa aliuona ule uso akauelewa wote. Kwa masista, mgeni haanzi kula mpaka mwenyeji aanze. Franck alidhani mama anaona haya. Alidhani anamngoja yeye.

"Franck, nakuomba..."

"Mama asikae na njaa kwa ajili yangu," Franck alisema, akazungusha tambi kwenye uma, akatia kinywani.

Alitafuna. Alimeza. Mchuzi ulibaki kwenye ndevu zake.

Larissa alifumba macho. Alingoja kusikia kiti kikirudishwa nyuma. Alingoja kitenge kikunjwe. Aliwaza mtoto wake akikua kama watoto wa Émilie, akiuliza papa yuko wapi.

Akasikia uma ukigonga sahani.

Alipofumbua macho, mama yake alikuwa anakula. Hakujificha na kiganja, hakugeuza uso. Alikula akimtazama Franck machoni, akimega samaki vipande vikubwa, akitafuna polepole.

Machozi yalimtoka Larissa bila kutaka. Mama yake, aliyemfukuza bwana wa Émilie, amekunja desturi yote ya kwao na kuiweka kando, kwa ajili yake! Akaushika mkono wa Franck juu ya kitambaa cheupe, mbele za watu, bila haya.

"Unaona?" Franck alimnong'oneza, amejaa furaha. "Ilikuwa haya tu." Kisha akainua sauti. "Mama, iko muzuri?"

"Iko muzuri sana, Monsieur Franck."

Mama akamaliza tambi zake zote. Akapangusa midomo kwa utaratibu, pembe moja, kisha ya pili, akaiweka leso pembeni ya sahani.

"Njaa ilikuwa inaniuma tangu asubuhi," alisema kwa upole. "Lakini wakati ulikuwa bado bokilo yangu, ningekula namna gani?"