Ngedere, Chatu na Sinia la Rangi

Zamani wanyama waliposhindana kupamba nyumba zao, alikuwapo Ngedere, mchoraji hodari lakini mwoga. Alimfuga chatu mdogo aitwaye Siwatu, akataka atambae kwenye rangi kisha juu ya kitambaa, aache mchoro usiowezwa na mkono.

Jirani yake Kanga, asiyeweza kukaa na neno kifuani, alimwonya, "Shoga, chatu ni chatu. Siku ukimuudhi atakunyonga."

Tangu hapo Ngedere hakuwa na raha. Alimimina rangi kwenye sinia, akasimama mbali, fimbo mkononi. Siwatu aligusa rangi kwa ncha ya ulimi, akajikunja akitetemeka.

"Usinisogelee!" Ngedere alipiga kelele.

"Sikusogelei, mama. Rangi hii inaniunguza ulimi, nami naogopa kukataa kwa sababu umeshika fimbo."

Muda wote Ngedere alikuwa akijihofia yeye tu. Aliitupa fimbo, akaimwaga rangi yote, akakoroga udongo mwekundu kwa maji safi, akauonja mwenyewe kwanza.

"Ukitaka, mwanangu. Usipotaka, basi."

Siwatu alinusa, akasita, kisha akatambaa taratibu kwenye rangi hadi kitambaani.

Kanga alipokuja kuutazama mchoro, alimkuta Ngedere amekipa kitambaa kisogo, anamwosha Siwatu magamba kwa maji ya uvuguvugu. Alikuwa bado na hofu, ila sasa alichelea asije akamuumiza.