Winnie Hajihami Tena

Masalu alikuwa anaongoza mabao matatu kwa bila, na ndiyo maana jasho lilikuwa linamtoka.

"Ushinde, halafu uogope?" Faki alimcheka kutoka duka la jirani.

"Humjui Winnie. Winnie hafungwi matatu."

Duka la Masalu la vipuri vya pikipiki liko hatua chache kutoka stendi ya Bariadi, na kila Jumamosi saa kumi jioni mteja anayetaka plagi hapo hasikilizwi. Ni saa ya mechi. Mchezo wenyewe uko kwenye simu: unakuwa kocha, unapanga kikosi, unachagua mfumo, kisha unaiamuru timu msimamo wa kuchezea, kuanzia kujihami kabisa mpaka kufa na kupona. Mpira hupigi wewe. Unapanga, unatazama, unaumia.

Winnie, mkewe, ndiye aliyemfundisha. Walikuwa wakikaa mkeka mmoja, kila mtu na simu yake, wakifungana. Winnie alikuwa mtu wa kujihami: mabeki watano, bao moja la kuvizia, basi. Ungehangaika dakika tisini ukaishia kumtukana mwamuzi.

Miezi minane iliyopita, mbele ya wageni, Masalu alimtolea mkewe neno baya kuhusu mtoto ambaye hawakumpata kwa miaka saba. Kesho yake Winnie akarudi kwao Nkololo. Namba yake haipatikani tangu siku hiyo. Lakini timu yake inapatikana. Kila Jumamosi saa kumi inaingia uwanjani.

"Hiyo ni mashine, ndugu yangu," Faki aliwahi kumwambia. "Mwenyewe kashaacha, mashine inajichezea."

"Mashine gani inayosubiri nibadilishe mfumo ndiyo na yenyewe ibadilishe? Inamweka benchi kijana wa miaka ishirini, inamchezesha mzee wa thelathini na nane! Huyo ni mtu, Faki. Ananitania."

Ujumbe alimwandikia. Samahani za kila aina alizituma humo humo ndani ya mchezo, mpaka akaishiwa Kiswahili akahamia Kisukuma. Hakujibiwa hata herufi. Alichojibiwa ni mpira. Miezi ya kwanza, mabeki watano. Kisha wanne. Kisha watatu. Masalu aliyasoma mabadiliko hayo kama mtu anavyosoma barua, akaishi kwa kusubiri Jumamosi nyingine.

Kwa nini asiende Nkololo mwenyewe? Aibu ilikuwa nusu ya sababu. Nusu nyingine ni mama mkwe wake, Benedikta. Katika ukoo wao, mwanaume na mama wa mkewe hawatazamani wala hawasemeshani. Masalu akimwona njiani huacha njia, akaingia kwenye pamba mpaka mama apite. Baba mkwe angekuwa hai, angelipokea shauri lake. Alizikwa mwaka juzi.

Na leo ndiyo hiyo tatu bila. Dakika ya sabini timu ya Winnie ikageuzwa kuwa ya kufa na kupona, nyuma akaachwa beki mmoja tu. Mechi ikaisha sita bila.

Masalu aliitazama ile sita mpaka kioo kikazima chenyewe. Mwanamke asiyefungika amefungua milango yote, kwa hiari yake. Kuna maana gani nyingine?

"Ananiita," alisema.

Jumamosi iliyofuata alifunga duka mapema, akanunua kitenge, akapanda bodaboda. Njia nzima alikuwa anarudiarudia maneno ya kuomba msamaha, akiyapunguza, maana yalikuwa mengi mno. Alifika Nkololo saa kumi kasoro. Shemeji yake, Joyness, alikuwa uani akipepeta mtama. Alipomwona, akautua ungo chini.

"Mwadila, shemeji," Masalu alisalimu.

"Mwadila."

"Nimekuja kumchukua mwenzangu. Niitie."

Joyness alikitazama kile kitenge, kisha akatazama chini. "Winnie hayupo."

"Nitamsubiri."

"Shemeji, hakumaliza hata mwezi hapa. Yuko Kahama, kwa mwanaume mwingine. Ana mimba ya miezi sita."

Mimba ya miezi sita. Neno alilomtolea Winnie mbele ya wageni lilimrudia Masalu zima, na safari hii lilikuwa lake peke yake.

"Na mkaninyamazia?"

"Wa kukwambia alikuwa baba, na baba hayupo. Mama naye, unajua mwenyewe, kwako hana mdomo. Nikamwambia basi nije mimi, akanikatalia. Akasema tukuache kwanza upate nguvu."

Simu ilitetema mfukoni. Saa kumi. Aliitoa kwa mazoea tu, akakuta mechi imeanza na tayari anaongoza moja bila. Kwa hiyo hata huko Kahama, na tumbo lake la mtu mwingine, Winnie alikuwa bado ana muda wa kumchezea akili. Hilo ndilo lililommaliza.

Hakutaka Joyness amwone analia. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ghala, akasimama ghafla.

Mama Benedikta alikuwa ameketi kigodani, amempa mgongo, miwani puani, simu ya zamani ya Winnie mkononi. Kwa kidole kimoja, polepole, akiyasoma majina kwa kunong'ona, alikuwa anampeleka mbele beki wake wa mwisho ili mkwewe apate la pili.