Machozi ya Léa

Léa alipoangukia jeneza la baba yake, sauti iliyomtoka ilinyamazisha uwanja mzima. Na siku hiyo kilioni tulijaa kweli, viti vya plastiki havikutosha, wengine tulikaa juu ya matofali.

Shangazi yake, dada ya marehemu, hakunyamaza.

"Mumuache tu, iko nacheza. Si ndiyo ile alienda kusomea miaka tatu ku université? Théâtre, michezo ya kuigiza!"

Tukacheka chini chini. Mimi pia nilicheka, siwezi kukana. Marehemu mwenyewe alikuwa akitangaza mtaani kwamba binti yake anasomea sheria.

Léa alisikia. Akanyanyuka polepole, akaketi. Vumbi jekundu lilikuwa limeshikana na machozi shavuni, likakauka hapo hapo, hakulifuta. Hakulia tena.

"Munaona?" shangazi akasema. "Hata uchungu hana."

Mara gari jeupe la kampuni alikofanya kazi marehemu likasimama mlangoni. Wakashuka wakubwa watatu na shada la maua. Hakuna aliyekuwa akilia uwanjani, na kwetu kilio bila machozi mbele ya wageni ni aibu.

Shangazi akaruka kutoka kitini, akamshika Léa mkono. Alinong'ona, lakini sisi wa karibu tulisikia.

"Mutoto yangu, bakubwa ba kazi banafika. Lia sasa. Lia vile balikufundisha."

Léa akakaza kitambaa kichwani, akanyoosha mgongo, akavuta pumzi ndefu mpaka tumboni.

"Nilie kama nani, shangazi?" akauliza. "Kama mutoto yake?"