Chumba cha Kujifungulia

Kaari alikikataa kiti alichopewa. Pale kilipowekwa, karibu na dirisha, ndipo kilipokuwa kitanda alichojifungulia akatoka mikono mitupu, si mara moja, mara tatu.

Enzi hizo jengo hili la mawe, lililoachwa na wamishonari, lilikuwa hospitali ya akina mama, na nusu ya Embu ilizaliwa humu. Siku hizi ni ofisi ya ustawi wa jamii, na wodini wanalala watoto wasio na wenyewe.

"Keti, mama," alisema Joyline, ofisa wa watoto. "Leo hutoki bure."

Akaketi. Huko nyumbani Kianjokoma walishamwita kila jina. Mama mkwe naye aliapa kwamba mtoto wa damu ya watu wengine hatalala kwake. Ni Nthiga tu, mumewe, ambaye hakuwahi kumgeuka. Yeye ndiye aliyesikia habari za mtoto huyu waliyekuja kumchukua leo, kule Ishiara, anakouza kabeji kila wiki. Na jina la mtoto lilipotajwa, Njuki, jina la marehemu baba mkwe, hata yule mama wa maneno makali alilegea, akapiga vigelegele. Kaari alipiga magoti akashukuru. Mungu huyu hana mwenzake!

"Na mzee ako wapi?" Joyline aliuliza.

"Amebaki kwa gari. Anasema hawezi kuingia hapa, anakumbuka wale watoto wetu." Machozi yalimlengalenga kwa kumpenda mume huyo.

Mtoto akaletwa, wa miaka minne hivi. Kaari alimfungulia mikono. Njuki akajificha nyuma ya sketi ya Joyline.

"Usimharakishe. Aliachwa hapa hivi majuzi tu, na haendi kwa mtu asiyemjua."

Subira huvuta heri, Kaari alijiambia. Akamshika mkono polepole, wakatoka uani.

Pikapu ilikuwa langoni. Nthiga alikuwa ndani, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi.

Mtoto aliuchomoa mkono, akakimbia. Mlango wa pikapu ile ni mkaidi. Usipousukuma kwa goti kwanza ndipo uuvute, haufunguki, na Kaari mwenyewe ilimchukua muda kuuzoea. Njuki aliusukuma kwa goti, akauvuta, akapanda, akaketi mbele.

"Baba," akauliza, "huyu mama ni nani?"