Tisa Tano za Ataa Kwatei

Tisa tano zilikuwa zimejipanga kwenye mita ya kilomita ya ile Datsun kuukuu, na hazikutaka kusogea hata kwa dawa. Mwaka wa tatu sasa.

Mama Korkoi aliitua mita yenyewe kwenye meza ya fundi Laryea, imeviringishwa kwenye kitambaa.

"Mama, umeniletea mita tupu? Gari liko wapi?"

"Liko kwa mzee Ataa Nii, kule Teshie, linapakwa rangi. Jumamosi asubuhi linatoka. Hii kitu iwe inazunguka, Laryea, la sivyo mimi stendi sikanyagi tena."

Laryea hakuuliza kwa nini. Stendi nzima ya Nungua ilikijua kisa. Pale dereva ambaye mita yake imemaliza namba zote ikarudi sifuri, huwalisha wenzake: kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachuka, samaki wa kukaanga, na kinywaji cha kuteremshia. Ataa Kwatei, mume wa Mama Korkoi, alishakula karamu za wenzake wote na vidole akalamba. Ilipofika zamu yake, imebaki kilomita moja tu, mita ikagoma.

"Mkono wa birika!" wenzake wakamtania. "Kaikwamisha mwenyewe huyo!"

Wakamwimbia hadi wajukuu wakaushika wimbo. Kwatei yeye alicheka tu, akavuta kofia usoni na kusinzia kwenye usukani akingoja abiria. Aliyeumia ni mkewe. Miaka arobaini ya ndoa, halafu mume jina lake birika!

"Jumamosi watakuja wote," Mama Korkoi alisema. "Samaki nimeshaagiza. Lakini nikiwalisha bila sifuri, watasema ni karamu ya Korkoi, siyo ya Kwatei."

"Basi nizigeuze kwa kidole sasa hivi, yaishe."

"Thubutu! Waseme tumechakachua? Zigeuke mbele ya macho yao."

Laryea akafungua skrubu, akatoa kioo, akamulika ndani. Akapenyeza kibano katikati ya vigurudumu vya namba, akavuta taratibu.

"Mama wee," akasema.

Kwenye kibano kulikuwa na kijiti chembamba, ncha yake imetafunwa ikawa nyuzinyuzi. Kipande cha mswaki. Na Nungua nzima ilijua ni nani aliyeshinda na mswaki mdomoni kuanzia asubuhi hadi abiria wa mwisho.

Mama Korkoi alikiinamia kukitazama. Kisha akacheka, akacheka hadi akashikilia meza.

"Mzee huyu! Namtetea miaka yote hii, nagombana na watu sokoni, kumbe!" Akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. "Fundi, hujaona kitu."

"Mimi? Macho yangu mabovu, mama."

"Lete hicho kijiti. Jumamosi namrudishia mwenyewe."

Laryea akasafisha meno ya gia, akatia tone la mafuta. Chini akaunganisha waya mfupi wa kusokota kwa mkono, maana kwa gari lile magurudumu yasingemsaidia. Ijumaa akaenda Teshie kuipachika mita mahali pake. Gari lilikuwa linameremeta, bluu na njano, linanuka rangi mbichi na gundi.

"Mlango wa dereva haufunguki, mzee," akatania.

"Kwani nani anashuka?" Ataa Nii akajibu, brashi mkononi.

Jumamosi madereva walijaa uani kwa Mama Korkoi, mashati yamenyooka, harufu ya samaki imetanda hadi barabarani. Ataa Kwatei alikuwa ndani ya gari tayari, katika shati jeupe lililopigwa pasi, kofia imefunika uso kama kawaida yake. Walisongamana dirishani. Laryea akaingiza mkono chini, akasokota waya.

Tisa zikatetemeka. Kisha zikapanda zote kwa pamoja, na sifuri tano zikakaa mahali pake.

"Birika limemwaga!" walilipuka. "Kwatei! Kwatei!"

Sowa, aliyekuwa kinara wa ule wimbo, akavua kofia. "Tulikuonea bure, ndugu yangu," akasema.

Mama Korkoi akawapisha wanywe kwanza. Ndipo akainama ndani ya gari na kukichomeka kile kijiti kwenye mfuko wa shati la mumewe.

"Shika mswaki wako, mwizi wee," akamnong'oneza. Akampapasa shavu, akarudi nyuma.

Ataa Nii akafunika paa, akagongelea misumari. Madereva sita wakaliinua gari lile la mbao mabegani, wakashika njia ya makaburini huku wakipiga honi kwa midomo.