Mtama Wote wa Swala

Timu ya wanyama wa bondeni ilikuwa na Swala, mshambuliaji asiyekabika. Timu ya ng'ambo ya mto ilipomtaka, Kiboko, mwenyekiti wa timu ya bondeni, aliingiwa na hofu akampa Swala mtama wote wa ghalani. Kobe, kocha wao wa miaka mingi, akabakiziwa pumba. Akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Kiboko akamwajiri Kasuku, aliyekubali pumba bila neno.

"Maagizo yote ya Kobe nayajua," alisema Kasuku, na kweli aliyajua.

Siku ya mechi, wapinzani walikuwa wamebadilisha uchezaji wao. Kasuku akarudia maagizo ya mwaka jana, neno kwa neno. Swala akasimama pale alipoambiwa, na mpira haukumfikia hata mara moja. Wakafungwa mabao matano.

Baada ya mechi Kiboko alimkuta Swala amekaa golini peke yake.

"Kumbe kufunga hujui, mwanangu?"

"Kufunga najua, mzee. Pa kusimama ndipo alipokuwa akinionyesha Kobe, kila mechi na pake."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

Swala akainamisha kichwa.

"Siku ile ulikuwa unanipimia mtama."